Dola za Vichwa Vidogo

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vya wageni katika kambi moja ya watalii kando ya mbuga, si mbali na Voi. Kazi ile iliniachia tabia mbili. Ya kwanza, nakunja pembe za shuka kama bahasha hata kitandani kwangu, ambako hakuna msimamizi wa kuja kukagua. Ya pili, simwogopi mgeni. Ukishatoa nywele za mtu kwenye sinki na kuokota soksi zake chini ya kitanda, huwezi tena kumwona kama malaika wala kama jini. Ni mtu tu, ametoka mbali, amechoka, na mara nyingi hajui taa ya bafuni inawashwa wapi.

Wageni walipoondoka waliacha bakshishi juu ya mto. Wachache waliacha shilingi, wengi waliacha dola. Mwanzoni nilidhani dola ni dola. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mgeni huja huku kwetu na pesa za aina mbili. Zipo mpya, zilizonyooka, ambazo kampuni yake ya safari ilimwambia azichukue benki kabla ya kupanda ndege. Hizo huzifunga kiunoni. Na zipo zile kuukuu zilizolala ndani ya pochi yake tangu zamani, zimekunjwakunjwa, nyingine zimeandikwa kwa kalamu, na picha ya yule mzee wao ni ndogo ndani ya duara dogo. Hizo ndizo zinazobaki juu ya mto. Simlaumu mtu. Kwao ni pesa halali, na dukani hakuna anayezitazama mara mbili. Hawajui kwamba huku noti hupimwa kwa ukubwa wa kichwa.

Benki niliyoenda hapa Voi walizikataa. Msichana wa dirishani alizipanga upya, akanirudishia kwa chini ya kioo, akasema za zamani hawachukui, na zile za moja moja hazina soko. Wenzangu kambini walikuwa wakimuuzia dereva mmoja aliyezinunua kwa nusu ya thamani, na alikuwa akizishika kwa ncha za vidole, kana kwamba anatufanyia hisani. Mimi nilikataa. Sikuona sababu ya kuuza kitu changu nusu bei eti kwa kuwa mnunuzi amekunja uso. Nilizitia ndani ya foronya kuukuu, nikaziweka juu ya kabati, nikaendelea na kazi.

Nyingi zilikuwa za moja, za tano na za kumi, na ishirini mara mojamoja. Za mia zilikuwa mbili tu, nazo zilitoka kwa mzee mmoja ambaye mke wake aliugua tumbo akiwa kambini. Nilikaa na yule mama siku ile yote, nikimpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo na kumfuta uso, mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika. Mzee alirudi wiki iliyofuata kuchukua mizigo. Alifungua pochi yake mbele yangu, akatoa noti zote mbili zilizokuwemo. Alizitia kiganjani mwangu, akanishika mkono. Zilikuwa za vichwa vidogo, na moja ilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa.

Kisha kazi ikapungua kambini, nami nikawa miongoni mwa walioachishwa. Sikulia. Nilikuwa nimejifunza kitu kingine pale mbali na shuka. Kila nilipomaliza vyumba vyangu nilikuwa naenda jikoni kumsaidia mpishi wa mikate, na mikono yangu ilikuwa imeshajua unga ukitosheka maji unakuwaje. Nilitaka kuoka. Mkate mwingi unaoliwa Voi hufika kwa magari kutoka mbali, umekaa njiani, na ukiubonyeza hauinuki tena. Nilijua nikipata oveni ya maana, wateja ninao.

Mama mmoja anayeleta vitenge kutoka Moshi ndiye aliyenipa habari. Kuna bibi kule, akasema, mwoka mikate tangu ujana wake, anauza oveni yake ya gesi kwa sababu magoti yamekataa kusimama. Nikapewa namba ya simu. Nikapiga. Sauti iliyoniitikia ilikuwa ya polepole na ya heshima, lakini bei haikushuka hata nilipoizungusha kila upande. Nikashusha foronya kutoka juu ya kabati. Panya alikuwa amenitangulia. Noti kadhaa zilitafunwa pembeni, na chache zilikuwa zimeshikana kwa unyevu wa mvua iliyovuja. Nilizibandua kwa mvuke wa sufuria, nikazipiga pasi ya vuguvugu chini ya kitambaa, kama nilivyokuwa nikipiga pasi leso za mezani. Jumla yake ilitosha oveni na kubaki kidogo. Na yule mama wa vitenge alinihakikishia kwamba Moshi ni mji wa watalii wa mlima. Dola huko, alisema, wanazijua kama sisi tunavyojua mahindi.

Nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kwa kuwa yeye ana pikapu. Huleta nyanya na ndizi kutoka Mboghoni, upande wa Taveta, hadi soko la Voi. Yeye na mume wangu walizaliwa kwenye nyumba za shamba la mkonge. Wazazi wao walitoka magharibi kuja kufanya kazi huku, hawakurudi tena. Shemeji ni mtu mwema, lakini ana maradhi ya kuona mwisho mbaya wa kila jambo kabla halijaanza. Tulipopita Mwatate alfajiri alikuwa ameshaniambia kwamba magurudumu hayatafika, kwamba mpakani watatufunga, na kwamba huyo bibi huenda hayupo duniani.

"Niliongea naye jana," nikamwambia.

"Jana si leo, shemeji."

Magurudumu yalifika. Pale Taveta na Holili tuligongewa mihuri bila neno, na kabla jua halijawa kali tulikuwa tumepanda mtaa wa migomba nje kidogo ya Moshi, tukimtafuta bibi. Alikuwepo duniani, ameketi barazani na kitenge magotini. Nilipiga goti kidogo nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamtazama shemeji, ambaye alikuwa amesema "Habari" peke yake na kuanza kuzunguka nyumba akitafuta mahali pa kugeuzia gari.

"Wakenya," bibi akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Oveni ilikuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Chuma cheusi kizito, milango miwili, mishikio imelainika kwa kushikwa. Bibi aliiwasha, nikaingiza mkono kusikia joto linavyosambaa. Lilisambaa vizuri, ila mlango wa chini ulikuwa unavujisha kidogo pembeni. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kitu hicho fundi yeyote hurekebisha.

"Nimeipenda," nikasema. "Nina dola."

"Mimi dola sizitaki, mwanangu. Nataka shilingi zetu." Alizima gesi. "Na nikwambie ukweli nisikufiche. Kuna bwana mmoja ana hoteli Himo, anakuja jioni na hela mkononi. Ukija kabla yake, ni yako. Akija kabla yako, nina magoti ya kutibu."

"Nitakuja kabla yake," nikasema.

Duka la kwanza la kubadilisha fedha lilikuwa safi, lina baridi ya mashine, na dada aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa na adabu hadi nikajisikia nimepaza sauti bila sababu. Nilimsukumia furushi langu. Akazitazama, akawasha taa ya bluu, akaanza kuzigawa mafungu mawili. Fungu moja likawa linakua. La pili likabaki jembamba kama kipande cha mkate kilichokatwa na mchoyo.

"Samahani sana mama," akasema, akinirudishia lile nene. "Hizi hatupokei."

"Kwani hizi si dola?"

"Ni dola, mama. Ila hizi ni vichwa vidogo. Na hizi zimechanika, na hii ina wino. Nikizichukua, mimi nitampa nani?"

"Na za moja moja?"

"Za moja moja nitakuchukulia, lakini kwa bei ya chini."

Alisema bei yenyewe. Shemeji alitoa mluzi. Nilimpa zile nzuri peke yake, akanihesabia shilingi zake, nikazitia kwenye mkoba. Hazikufika hata robo ya oveni. Duka la pili walisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi. Benki tulipewa namba, tukakaa, tukasubiri, na bwana wa tai akatueleza kwamba noti za namna ile hutumwa nje kukaguliwa, kwamba majibu huchukua wiki nyingi, na kwamba huduma hiyo ni ya mteja mwenye akaunti kwao. Akanipa pole. Nilipewa pole nyingi sana Moshi siku ile, na zote zilikuwa za kweli, lakini hakuna oveni inayonunuliwa kwa pole.

Tulipotoka nje mtu mmoja alitufuata. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkoba wa ngozi kiunoni, anatembea kama mtu aliyekuwa akielekea huko huko.

"Dada, nimesikia una vichwa vidogo."

"Umesikia wapi?"

Akafungua zipu ya mkoba. "Nakupa nusu. Sasa hivi. Hapa hapa kivulini."

Shemeji alinivuta mkono kando. "Shemeji, chukua. Hii story imeisha. Nusu ni afadhali kuliko kurudi Voi na makaratasi."

"Nusu haitoshi oveni."

"Basi tununue kitu kingine. Tununue mchele."

Nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira. Nilimpa yule mtu noti mbili tatu azitazame, nikaona anazishika kwa ncha za vidole, vilevile kama dereva wa Voi. Ndipo jambo liliponijia. Kama noti hizi hazina thamani, yeye anazitakia nini? Hazihifadhi kwa mapambo. Lazima kuna mahali anazipeleka ambako ni pesa kamili. Na mahali hapo mimi napajua, kwa sababu nimesikia watu wa huko wakiongea juu ya vitanda nilivyotandika. Ni kwao. Huko zilikotoka hazijawahi kuacha kuwa pesa.

"Asante kaka," nikamwambia. "Siuzi."

"Hutapata zaidi ya hapo."

"Nitapata."

Nilimuuliza mwuza magazeti ni hoteli gani wanakofikia watalii wakishuka mlimani. Akanielekeza hoteli moja ya kiasi yenye bustani. Shemeji alinifuata akinung'unika kwamba tutafukuzwa na mlinzi. Hatukufukuzwa. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikamwamkia mlinzi kwa jina la kazi yake, "Habari ya ulinzi, afande," nikaenda moja kwa moja mapokezi na kuagiza chai ya watu wawili. Hapo nikasema "nipe", nikamwona msichana wa mapokezi akishtuka kidogo, nikajirekebisha: "Naomba chai." Kwetu "nipe" si tusi, lakini ukiwa ugenini ni vizuri kuongea kama wenyeji.

Bustanini kulikuwa na kundi la wageni, nyuso zimebabuka kwa jua la juu kule, vidole vya miguu vimefungwa plasta. Nilikaa nikawaangalia. Anayecheka sana sikumtaka, wala kijana anayepiga picha chakula. Nilimchagua mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akizikunja nguo zake chafu vizuri kabla ya kuzirudisha kwenye begi. Mtu anayekunja nguo chafu ni mtu wa utaratibu.

Nilisimama mbele yake, si karibu sana, mikono yangu ikionekana. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha kambini, ambacho ni kizuri. Nikamuuliza kama anarudi kwao karibuni. Kesho, akasema, Amerika. Nikamweleza bila kuzunguka. Nilikuwa mhudumu wa vyumba Kenya. Wageni kutoka kwenu waliniachia noti hizi. Huku ni za zamani, hakuna anayezichukua. Kwenu bado ni pesa. Kama una noti mpya zilizobaki, tubadilishane, moja kwa moja, thamani sawa, hapa mbele ya mapokezi ambapo kila mtu anaona.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa. "Samahani. Tumeonywa kuhusu mambo ya namna hii."

"Mmeonywa vizuri," nikamwambia. "Hata mimi ningekuonya."

Nikarudi kwenye chai yangu. Shemeji alinitazama kama mtu anayetazama timu yake ikipoteza penalti.

"Umemwacha hivyo tu?"

"Nimemwacha afikiri. Kunywa chai."

Sikuwa na uhakika wa asilimia mia. Nasema ukweli. Lakini nilijua tabia ya wageni: ukiwang'ang'ania wanakimbia, ukiwaacha wanarudi kuuliza. Chai ilikuwa bado ya moto aliporudi, na hakuwa peke yake. Alikuja na kiongozi wao wa mlimani, mwanamume Mchaga mwenye mabega mapana na uso usiocheka. Huyo ndiye aliyevuta kiti.

"Mama, shikamoo. Huyu mgeni wangu ameniambia maneno yako. Naomba nikuulize. Noti hizi umezipata wapi?"

"Juu ya mito ya vitanda."

"Kambi ya wapi?"

Nikamwambia. Akauliza wageni wa huko huwa wanakaa siku ngapi, na asubuhi wanaamshwa saa ngapi kwenda kutazama wanyama. Nikamjibu yote, nikaongeza na jina la utani tulilompa tembo aliyekuwa anakuja kunywa maji ya bwawa la kuogelea. Hapo uso wake ukalegea.

"Unajua," akasema, sasa akiongea nami kama jirani, "wapagazi wetu wana shida hii hii. Mtu anabeba mzigo wa mgeni mpaka kambi ya mwisho, anashuka, anapewa noti iliyochoka. Anakwenda dukani wanamcheka. Sisi tumekuwa tukiwaomba wageni walete mpya, lakini si wote wanaosikia."

"Na hizo za wapagazi mnazipeleka wapi?"

"Kwa yule wa mkoba wa ngozi," akasema, na tukaangaliana.

Alimgeukia yule mama, akamweleza kwa Kiingereza kwamba mimi ni mtu wa kazi kama yeye, na kwamba ninachosema ni kweli. Mama akavaa miwani. Akaomba kuziona. Nikamwekea zote mezani, nikarudi nyuma hatua ili asijisikie amebanwa. Akachukua noti moja, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akaguna. Akachukua ya pili. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani.

"Hizi ndizo nilizokuwa nikilipwa nilipoanza kazi," akasema. "Nilidhani zimeisha duniani."

Aliita rafiki zake wawili. Wakasogeza viti. Kila mmoja akafungua ule mkoba wa kiunoni ambao mimi nauona tangu zamani lakini sijawahi kuuona ukifunguliwa mbele yangu kwa hiari. Walitoa mpya zao zilizobaki, mimi nikatoa zangu, kiongozi akihesabu kwa sauti kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Ile ya mia yenye alama ya kahawa, mama mwenye mvi aliichukua yeye mwenyewe. Hata zile alizotafuna panya walizichukua. Mama alieleza kwamba benki ya kwao hukubali noti iliyochanika, almradi sehemu kubwa yake ipo. Moja ilikuwa imebaki chini ya nusu. Ilikuwa imejificha katikati bila mimi kujua, na ilipotokea nikaitoa mwenyewe, nikaiweka kando, nikasema hii hapana. Mama akavua miwani. Kisha akaniuliza pesa ni za nini.

"Oveni," nikasema. "Naenda kuoka mikate Voi."

"Mikate gani?"

Nikamweleza habari ya skonzi, na boflo, na mkate mtamu wa viungo niliofundishwa na mpishi wa kambini. Naye akanieleza kwamba mama yake alikuwa akioka kila Jumamosi, na kwamba kosa la watu wengi ni haraka, hawauachi unga upumzike. Tuliongea unga hadi shemeji akaanza kukohoa akionyesha jua.

Dada wa duka la kwanza hakuamini macho yake. Alizipitisha zote chini ya taa ya bluu, akanitazama, akazitazama tena. "Mama, umezipiga pasi?"

"Hapana," nikasema. "Nimezirudisha kwao."

Akanihesabia.

Tulipopanda tena ule mtaa wa migomba, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba ya bibi. Shemeji aliegemea usukani, na nadhani kwa mara ya kwanza alihuzunika kwa ajili yangu, si kwa ajili ya petroli yake. Mimi niliruka chini kabla gari halijasimama vizuri.

Bwana wa Himo alikuwa kibandani, amechuchumaa mbele ya oveni, mkono wake ukipapasa mlango wa chini. "Hapa panavuja, bibi," alikuwa anasema. "Hii ni kazi ya fundi. Hapa lazima unipunguzie. Na huku juu rangi imetoka. Na bomba hili nalo sijui."

Bibi alikuwa amesimama kwa shida, ameshika ukuta. Nilimsogezea kigoda akae. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, "Bibi, nimekuja. Bei yako ni hii, kamili." Nikamwekea mkononi.

Yule bwana aliinuka. "Mimi ndiye niliyefika kwanza."

"Ni kweli umefika kwanza," bibi akamjibu. Alikuwa bado hajazihesabu, amezishika tu kifuani. "Lakini huyu amekuja na bei, wewe umekuja na kasoro."

Bwana akasema ataongeza, atatoa bei ile ile na zaidi kidogo. Niliona shemeji mlangoni akifumba macho. Mimi sikuongeza hata senti. Nilinyoosha mgongo nikasema, "Bibi, wewe ndiye mwenye mali. Mimi oveni hii nitaokea mikate. Sitaiweka hotelini ipashe chipsi."

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Akazifunga zile shilingi kwenye upindo wa kitenge chake, akamwambia bwana wa Himo amsalimie mama yake, na mambo yakaisha hapo. Haki ya Mungu, yule bwana alikuwa muungwana. Ndiye aliyemsaidia shemeji kuinua upande mzito, maana wanaume wawili waliokuwa karibu hawakutosha. Tulipomaliza kuifunga kamba, bibi alinishika mkono, akanieleza jinsi ya kuipasha oveni taratibu siku za baridi, na akanipa kopo la hamira lililokuwa nusu. Nilimwinamia. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu kama ninavyowekewa na mama yangu kule kwetu Mbololo.

Forodhani afisa alizunguka pikapu akiuliza ni jeneza au ni kitu gani. Tukamwonyesha, tukalipa alichoandika, tukapewa risiti. Usiku tulilala Mboghoni kwa rafiki wa shemeji, na asubuhi tukaingia Voi, oveni imesimama nyuma kama bibi harusi, na shemeji akipiga honi kwa kila mtu anayemjua. Wakati huo hadithi ilikuwa imeshabadilika mdomoni mwake. Yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba tusikubali nusu. Nilimwacha. Petroli ilikuwa yake.

Fundi alimaliza kuziba mlango wa chini wa oveni kwa siku moja. Mume wangu alipaka chokaa kile chumba cha mbele ambacho tulikuwa tunaweka baiskeli. Mikate yangu ya kwanza iliungua upande wa nyuma, nikawapa majirani bure, wakala wakisifu kwa uwongo. Ya pili ilitoka sawasawa, imepanda, ina rangi ya udongo wa Voi mvua ikinyesha. Nilifungua mlango wa barabarani, na harufu ikafanya kazi ambayo bango lisingeweza. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli anayeelekea zamu. Baada yake wakaja walimu wawili, kisha mama mwenye kibanda cha chai akataka skonzi za kuwauzia wateja wake, na akataka za kesho pia. Mume wangu alifunga mikate, mimi nilitoa trei, na hatukupata nafasi hata ya kuangaliana. Jua lilipofika juu ya paa trei zote zilikuwa tupu. Nikakaa nje kwenye kiti cha plastiki, nikanyoosha miguu, nikanywa chai yangu kavu, kwa sababu mkate ulikuwa umeisha.